Kuanza Maonyesho na Uzalishaji wa Mbwa wa Mbegu Safi Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Swali la kwanza kwa wengi huwa hili: "Nina jike langu la German Shepherd, zuri sana, nimpandishe lini?" Hapa tunaanza na maonyesho, kisha ndipo tunafika kwenye kupandisha. Maonyesho ya mbwa yapo ili mtu asiyekujua na asiyempenda mbwa wako akuambie kama anafaa kuzaa. Asiyetaka kuambiwa hilo anaweza kuishi na mbwa wake kwa raha miaka yote, akamlisha, akamlinda na yeye akalindwa. Kuzalisha sio lazima.

Mbwa wa mbegu safi ni yupi hasa?

Ni mbwa ambaye wazazi wake, babu zake na bibi zake wameandikwa kwenye daftari la mbegu moja, kizazi baada ya kizazi. Ukubwa wa kichwa haumfanyi kuwa wa mbegu, wala ukali, wala kwamba alinunuliwa kwa Mzungu aliyekuwa anahama Masaki.

Madaftari haya yana historia ndefu. Kennel Club ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1873, American Kennel Club mwaka 1884, na shirikisho la kimataifa linaloitwa FCI, lenye makao yake Thuin nchini Ubelgiji, mwaka 1911. German Shepherd ana tarehe yake kabisa: mwaka 1899 Max von Stephanitz alianzisha chama cha mbegu hiyo huko Ujerumani, na mbwa wa kwanza kuandikwa aliitwa Horand von Grafrath.

Kila mbegu ina kiwango chake kilichoandikwa: urefu, umbo la kichwa, meno, manyoya, mwendo, tabia. Kwa FCI, German Shepherd dume ana urefu wa sentimita 60 hadi 65 mabegani, jike 55 hadi 60. Kwa hiyo muuzaji akijisifu kwamba baba wa papi zake, yaani watoto wa mbwa anaowauza, ana sentimita 75 na "ndiyo pure kabisa", amekutajia kasoro.

Kwa hiyo mbwa wa kienyeji hana thamani?

Nani kasema? Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka kama wengine na ambaye jike wake kwa kawaida huingia joto, yaani kipindi cha kutaka dume, mara moja tu kwa mwaka, alikuwa mbwa wa wawindaji vijijini kabla ya kuingia kwenye madaftari ya Ulaya na Marekani. Rhodesian Ridgeback, mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, anatokana kwa sehemu na mbwa wa Wakhoikhoi, na kiwango chake cha kwanza kiliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Mbwa wa kienyeji wa Mbagala hawezi kuingia ulingoni kwa sababu hana daftari. Kwa joto la Dar na kwa maradhi ya hapa, mara nyingi anamshinda mgeni.

Kwenye maonyesho kunatokea nini?

Mbwa hupangwa kwa mbegu, jinsia na umri. Kwa utaratibu wa FCI papi wa miezi 6 hadi 9 wana daraja lao, vijana wa miezi 9 hadi 18 lao, kuna daraja la wazi kuanzia miezi 15, na wazee kuanzia miaka 8. Unaingia ulingoni na namba yako mkononi, mbwa akiwa kushoto kwako. Mnazunguka wote kwa mwendo wa trot, yaani mbio za polepole, jaji akiwatazama. Kisha anawaita mmoja mmoja.

Hapo ndipo wageni wengi huaibika. Jaji anamsogelea mbwa, anafunua midomo kutazama meno. Mbwa mzima ana meno 42, na kwa mbegu nyingi ya mbele ya juu yanatakiwa kuyafunika ya chini kwa kugusana, kama mkasi. Halafu mikono inapita kichwani, shingoni, mabegani, kifuani, mgongoni, mapajani. Kwa dume anapapasa korodani kuhakikisha zote mbili zimeshuka. Ikikosekana moja, mbwa anatolewa. Mbwa ambaye hajawahi kushikwa mdomo na mtu asiyemjua atarudi nyuma au atatoa meno, na siku yenu imeishia hapo. Mbwa akimng'ata jaji, hakuna kujitetea kwamba nyumbani ni mlinzi mzuri.

Baada ya hapo unamkimbiza mbwa kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi, ili jaji aone miguu inavyotua, kisha mzunguko ili aone hatua kwa ubavuni. Jaji anamlinganisha kila mbwa na kiwango kilichoandikwa, halafu anapanga nafasi. Bora wa mbegu anakutana na wabora wa mbegu nyingine za kundi lake, FCI ina makundi 10, na wabora wa makundi ndio wanaogombea mbwa bora wa maonyesho.

Ubingwa wa kimataifa wa FCI haupatikani kwa siku moja. Kwa kawaida unahitaji tuzo nne za CACIB, ndizo tuzo za kugombea ubingwa huo, kutoka nchi tatu tofauti na majaji watatu tofauti, na kati ya ya kwanza na ya mwisho upite mwaka mmoja na siku moja. Kumbuka hilo mtu wa Tabata akikuambia mbwa wake wa miezi kumi ni "international champion".

Mimi niko Dar. Nianzie wapi?

Anza kwa kwenda kutazama bila mbwa. Safari ya Nairobi inatosha: East Africa Kennel Club yenye makao huko huandikisha mbwa wa mbegu na huandaa maonyesho. Simama kando ya ulingo wa mbegu unayoipenda, funga mdomo, sikiliza. Subiri mtu amalize kuonyesha ndipo umuulize maswali. Kabla ya hapo ana kiwewe na hatakujibu vizuri. Afrika Kusini nako kuna KUSA, chama cha tangu 1891, kwa mwenye uwezo wa nauli.

Kumvusha mbwa mpaka ni kazi nyingine. Kwa Kenya utahitaji kibali cha kuingiza kutoka idara yao ya huduma za mifugo iliyopo Kabete, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa serikali huku kwetu, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ambacho hakijaisha muda. Yashughulikie mapema, ukifika Namanga usiku bila karatasi, mtalala hapo wewe na mbwa wako.

Huku nyumbani, kazi ya kila siku haina gharama. Mfundishe papi kusimama wima bila kukaa, akubali kufunuliwa mdomo na watu tofauti, akimbie kushoto kwako bila kuvuta kamba, asishtuke bodaboda ikipita. Dakika tano asubuhi, tano jioni. Viwanja vya mpira vya mtaani alfajiri ni ulingo tosha.

Mbegu gani inafaa joto la Dar?

Hili watu wanalichukulia kirahisi mno. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoza damu kwa kuhema. Kuhema kunafanya kazi pale unyevu wa ulimi na njia ya hewa unapoweza kukauka, na Dar kati ya Desemba na Machi hewa yenyewe imejaa unyevu. Kwa hiyo mbwa wa pua fupi, Bulldog, Pug, French Bulldog, ana tabu mara mbili: njia ya hewa ni nyembamba na hewa anayovuta ni nzito. Akiachwa kwenye gari Kariakoo dakika chache, anaweza kufa. Siwashauri wanaoanza kuchukua mbegu hizi, na kuzizalisha ndiyo kabisa, maana wengi huzaa kwa upasuaji kwa sababu vichwa vya papi ni vikubwa kuliko nyonga za mama.

Husky, mbwa wa nchi za baridi kali? Mtu mwenye kiyoyozi cha saa ishirini na nne na jenereta anaweza kumweka hai. Sijui mbwa mwenyewe angesema nini.

Rhodesian Ridgeback na Basenji wanavumilia vizuri. Boerboel wa Afrika Kusini, Rottweiler na German Shepherd wanaishi Dar, ila wapate kivuli, maji yasiyoisha, na mazoezi kabla jua halijachomoza. Lami ya saa saba mchana inaunguza nyayo. Weka kiganja chako pale chini kwanza. Mbwa akizidiwa na joto, anahema bila kukoma, fizi nyekundu, anayumba, mwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na kimbilia kwa daktari huku ukiendelea kumlowesha.

Nianze na dume au jike?

Jike. Moja, zuri kadiri unavyoweza kumudu. Dume mzuri wa mwenzako utalipia ada umtumie. Ukinunua dume wa wastani utajikuta unamtumia kwa sababu tu yupo uani kwako. Na ukinunua jozi, "baba na mama" kwa pamoja kwa bei ya punguzo, uliza kwanza kama si ndugu. Mara nyingi ni ndugu.

Papi nitamjuaje kama ni halali? Karatasi zinaghushiwa?

Zinaghushiwa. Kwenye WhatsApp picha ya cheti inasafiri kuliko mbwa wenyewe. Haya ndiyo ya kukagua.

Cheti halisi kinataja jina lililosajiliwa la papi, namba ya usajili, tarehe ya kuzaliwa, rangi, jina la mzalishaji, na nasaba ya vizazi vitatu au zaidi. Kitafute chama kilichokitoa, wasiliana nacho wewe mwenyewe kwa anwani uliyoipata kwenye tovuti yao, usitumie namba aliyokupa muuzaji. Watumie namba ya usajili. Chama cha kweli kitakujibu kama namba ipo na ni ya mbwa gani.

Kisha chipu. Chipu ya kiwango cha ISO ina tarakimu 15 na huwekwa chini ya ngozi kati ya mabega. Mwambie daktari wa mifugo aje na kisomeo, asome mbele yako, ulinganishe tarakimu kwa tarakimu na karatasi. Cheti kizuri bila chipu ni cheti cha mbwa yeyote mwenye rangi hiyo. Wapo wanaochukua karatasi ya papi aliyekufa na kumpa mwingine.

Halafu mama. Nenda ukamwone pale alipozalia, akiwa na watoto wake. Muuzaji akisema mama yuko Bagamoyo, baba yuko Arusha, na mkutane sheli ya Mwenge, unauziwa mbuzi kwenye gunia. Papi wanaouzwa barabarani ndani ya boksi wana jambo moja la hakika, nalo ni minyoo. Wengi wametolewa kwa mama wakiwa na wiki nne au tano ili waonekane wadogo na wa kupendeza. Wiki nane ndiyo umri wa chini wa kumtoa papi.

Tazama pia mama anavyokupokea. Akikubwekea kisha akatulia mwenye naye akizungumza, sawa. Akijificha chini ya gari akitetemeka, ondoka. Woga hurithiwa, na ule usiorithiwa papi hujifunza kwake.

Kabla ya kumpandisha jike langu, vipimo gani ni vya lazima?

Kwa mbegu kubwa, nyonga na viwiko. Ulegevu wa nyonga ni ugonjwa unaorithiwa, na mbwa mwenye nyonga mbovu anaweza kukimbia vizuri akiwa na mwaka mmoja, kisha akiwa na mitano hawezi kupanda ngazi. Jicho halioni, eksirei ndiyo inaona. FCI hupanga nyonga kwa herufi, A nzuri hadi E mbaya sana, na picha hupigwa mbwa akiwa na angalau mwaka mmoja, au miezi 18 kwa mbegu kubwa zaidi. Shirika la Marekani, OFA, halitoi cheti cha kudumu kabla ya miezi 24. Picha lazima ipigwe mbwa akiwa amelala kwa dawa na miguu imenyooshwa sawasawa, kwa hiyo tafuta daktari anayejua kazi hiyo. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni mahali pa kuulizia.

Kila mbegu ina maradhi yake zaidi ya hapo: moyo kwa Doberman, uziwi kwa Dalmatian, uti wa mgongo kwa German Shepherd. Vipimo vingi vya vinasaba ni mate tu yaliyofutwa shavuni na kutumwa nje.

Halafu yapo ya kwetu. Kupe wa kahawia huishi kwenye nyufa za ukuta wa banda na hueneza maradhi ya damu yanayopunguza chembe za kugandisha damu. Jike mwenye ugonjwa huo akizaa anaweza kuvuja damu hadi kufa. Apimwe damu kabla, na banda lipigwe dawa pamoja na mbwa. Kipimo cha Brucella canis kifanywe kwa dume na jike: bakteria huyu hutoa mimba mwishoni, hana tiba ya uhakika, na humwambukiza binadamu. Na uvimbe wa zinaa, ambao mbwa huambukizana kwa kupandana, ni wa kawaida kwenye miji yenye mbwa wanaozurura. Mwenye dume akikasirika ukiomba vipimo, umeshapata jibu lako.

Jike anaingia joto lini, na apandishwe siku ya ngapi?

Kwa wastani kila miezi sita, ingawa wapo wa kila miezi minne na wa kila miezi kumi. Joto la kwanza halihesabiki. Nasema subiri afikishe miaka miwili na vipimo viwe vimerudi.

Siku za mwanzo kuna damu na uvimbe, na jike anawafukuza madume. Baadaye damu inapauka na anaanza kusogeza mkia pembeni. Wengi wanapandisha "siku ya kumi na kumi na mbili" kwa mazoea, na ndiyo sababu wengi wanakosa mimba, kwa kuwa yapo majike yanayotoa mayai siku ya saba na mengine siku ya ishirini. Kipimo cha damu cha projesteroni, homoni inayopanda mayai yanapokaribia kutoka, kikirudiwa kila baada ya siku mbili hivi, kinaonyesha siku ya kutoka mayai. Mayai ya mbwa hutoka machanga na huhitaji kama siku mbili kuiva, kwa hiyo kupandisha siku ya pili na ya tatu baada ya hapo ndiyo wakati wenyewe.

Wakishikana, wataweza kukaa hivyo hata nusu saa. Msiwatenganishe kwa kuwavuta au kuwamwagia maji. Mnaweza kuwaumiza wote wawili.

Katika majuma yote matatu ya joto, mfungie ndani. Ukuta wa futi sita haumzuii dume wa mtaani aliyedhamiria, na jike mmoja anaweza kuzaa papi wa baba wawili tofauti kwa mimba moja.

Ada ya dume inalipwaje?

Fedha, au papi mmoja wa kuchagua. Andikeni. Hata kama ni rafiki yako wa kanisani au mlisoma pamoja Azania, andikeni: kiasi, kinalipwa lini, jike asiposhika mimba itakuwaje, papi wa kuchagua anachaguliwa wiki ya ngapi na nani anaanza, na nani anasaini fomu za usajili. Urafiki mwingi wa watu wa mbwa umevunjikia kwenye papi wa kuchagua.

Naweza kumpandisha na kaka yake? Wanasema ndiyo inatunza damu.

Wanasema mengi. Papi wa baba na binti yake, au wa kaka na dada, wana asilimia 25 ya kile wataalamu wanachokiita kipimo cha undugu wa damu. Wa ndugu wa mzazi mmoja asilimia 12.5, wa binamu 6.25. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo maradhi yaliyojificha kwa wazazi yanavyojitokeza, papi wanavyopungua idadi na wanavyokufa mapema. Kennel Club ya Uingereza imekataa kuandikisha watoto wa mzazi na mwanawe au wa ndugu wa tumbo moja tangu 2009. Dar tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu mbegu fulani zilianza na mbwa wachache walioletwa, na kila mtu amepandisha kwa dume yule yule maarufu. Chora nasaba za pande zote mbili kwenye karatasi moja, pigia mstari majina yanayojirudia.

Mimba na kuzaa: nijiandae vipi?

Siku 63 tangu mayai kutoka, ikipungua au kuzidi siku moja. Ukihesabu tangu kupandisha, inaweza kuwa kati ya 58 na 72 hivi, ndiyo maana tunasisitiza projesteroni. Utrasaundi kuanzia siku ya 25 inaonyesha kama mimba ipo. Eksirei baada ya siku ya 55 inakupa idadi ya papi, na idadi hiyo ndiyo itakayokuambia usiku wa kuzaa kama kazi imekwisha au kuna aliyekwama.

Usimpe kalsiamu ya ziada wakati wa mimba. Mtu wa duka la dawa atakushawishi kwa nia njema, lakini mwili ukizoea kupewa huacha kuchota kalsiamu yake wenyewe, na akianza kunyonyesha anapata degedege. Dalili zake ni kutetemeka, kuhema na kukakamaa. Hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Kuhusu chakula: dona na dagaa vinamweka mbwa wa ulinzi, lakini jike mwenye mimba kubwa na anayenyonyesha anahitaji zaidi, nyama, maini kiasi, mayai, au chakula cha papi cha dukani. Vitunguu visiingie kwenye sufuria yake. Mifupa iliyopikwa pia, hasa ya kuku.

Wiki ya mwisho pima joto la mwili asubuhi na jioni. Kawaida ni 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37, atazaa ndani ya takriban saa 24. Andaa boksi lenye ukingo, taulo safi, mkasi uliochemshwa, uzi, mizani ya jikoni, tochi zilizochajiwa maana umeme haukuulizi ratiba, na namba ya daktari aliyekubali kabla kwamba atapokea simu saa tisa usiku. Uliza hivyo hivyo kwa maneno: "Daktari, saa tisa usiku utapokea?"

Mpigie bila kusubiri kama jike anasukuma kwa nguvu nusu saa bila papi kutoka, kama zaidi ya saa mbili zimepita na wengine bado wamo, au ukiona uchafu wa kijani iliyokolea kabla papi wa kwanza hajatoka. Usimchome sindano ya kuongeza uchungu uliyopewa na mtu. Papi akiwa amekaa vibaya, sindano hiyo inapasua mji wa mimba.

Papi wamezaliwa. Wiki za kwanza je?

Papi hawawezi kujipasha joto. Vitabu vya Ulaya vinasema weka taa ya joto, boksi lifike nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza. Soma kipimajoto chako kwanza: chumba cha Kinondoni mwezi Februari kimeshafika hapo chenyewe, na taa itawaua. Julai usiku, au chumba chenye kiyoyozi, ni habari nyingine. Papi waliorundikana wakilia wana baridi. Waliotawanyika wakihema wana joto.

Wote wanyonye maziwa ya kwanza ndani ya saa 24. Wapime kila siku kwa mizani ile ile. Asiyeongezeka siku mbili mfululizo ana shida, hata kama analala vizuri. Macho hufunguka siku ya 10 hadi 14. Dawa ya minyoo wiki ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Chanjo ya kwanza wiki ya sita hadi ya nane, ikirudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua papi, ipo Dar muda wote na wageni huibeba kwenye viatu, kwa hiyo wanaokuja kutazama papi waache viatu getini.

Matandiko yaliyoanikwa nje yapigwe pasi. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na funza wake huingia kwenye ngozi. Papi mchanga mwenye funza ishirini anaweza kufa. Siafu nao wachunguzwe kila jioni, hasa msimu wa mvua, kwa tochi, kuzunguka ukuta wote.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili papi anajifunza dunia. Asikie redio, blenda, watoto, adhana, mvua kwenye bati. Banda la nyuma lenye giza huzaa mbwa waoga, hata damu iwe nzuri vipi.

Majirani zangu ni Waislamu. Nitaishi nao vipi?

Kwa adabu. Nenda kabla hujaleta mbwa: "Shikamoo mama, nataka kufuga, nimekuja kukuarifu." Jibu lake litakuwa tofauti kabisa na lile ambalo ungelipata baada ya papi wanane kulia usiku wa tatu. Mate ya mbwa yakigusa nguo ya jirani anayekwenda kuswali, umempa kazi ya kutwaharika upya. Banda lisiegemee ukuta wake, maji ya kuoshea yasitiririkie kwake, na geti lisifunguliwe kwa hodi kabla mbwa hajafungwa. Mswahili anayefuga kwa utaratibu huwa hasemwi. Anayesemwa ni yule ambaye mbwa wake wanamsindikiza kila mpita njia.

Sheria inasemaje?

Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ipo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, cheti kiwepo nyumbani. Kuleta mbwa kutoka nje kunahitaji kibali cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi kabla hajapanda ndege. Kwa masharti ya manispaa yako, anza na afisa mifugo wa kata.

Rottweiler akatwe mkia?

Hapana. Kiwango cha FCI kinamtaka na mkia wake, na kwenye maonyesho mengi ya Ulaya aliyekatwa haingii.

Biashara inalipa?

Piga hesabu kabla hujaota. Upande mmoja: bei ya jike, miaka miwili ya kumlisha, eksirei, vipimo vya damu, projesteroni mara tatu au nne, ada ya dume, utrasaundi, pengine upasuaji, chanjo na minyoo kwa kila papi, chipu, usajili, chakula cha wiki nane. Upande wa pili: papi wangapi? Unaota wanane, anaweza kuzaa wawili. Na Kennel Club ya Uingereza haiandikishi zaidi ya mimba nne za jike mmoja katika maisha yake. Mwenye kumzalisha kila joto kwa miaka sita anajua anachofanya.

Wapo wanaopata faida Dar. Wengi wao wanaipata kwa kuruka vipimo, na gharama hiyo anakuja kuilipa mnunuzi baadaye kwa daktari.

Papi nimuuzie nani, na nimpe nini mkononi?

Muulize mnunuzi kabla hajakuuliza bei: anakaa wapi, geti lipo, nani atakuwa nyumbani mchana, mke au mume ameridhia? Anayetaka "mkali wa kulinda godauni" na kufungwa mnyororo mchana kutwa, mwelekeze kwingine. Papi asiyefaa kuzaa, mwenye kosa la meno au korodani moja, muuze kwa bei ya chini na andika kwenye mkataba kwamba atahasiwa na hataandikishiwa watoto.

Mkononi mpe cheti cha nasaba, kadi ya chanjo yenye stika za chupa na sahihi ya daktari, tarehe za minyoo, nakala za vipimo vya wazazi wote wawili, na chakula cha siku tano cha aina ile ile anayoila, ili tumbo lisiharibike. Mpe na kipande cha kitambaa alicholalia na mama yake. Na andika mstari huu kwenye mkataba: akishindwa kumfuga, wakati wowote, kwa sababu yoyote, mbwa anarudi kwako.